Alama ya Chaki

Sikudhani alipanda hadi boriti ya juu kabisa, akafunga mkanda wake wa usalama. Alikuwa mwanagenzi wa chama cha mafundi chuma, akilipwa huku akijifunza, na siku hiyo Fundi Lugendo angetia saini kadi yake ya kuingia mwaka wa pili. Bila saini hiyo, angerudi nyumbani.

Kila bolti ilikuwa na alama ya chaki nyeupe, chaki ya Lugendo, maana yake imeshakazwa. Sikudhani alitumwa kuzipaka rangi tu. Akaijaribu moja kwa spana. Nati ikazunguka kama kifuniko cha chupa.

Akaifuta ile chaki kwa kidole gumba.

"We binti!" Lugendo aliita kutoka boriti ya jirani. "Unafuta alama yangu mbele za watu?"

"Imelegea, Fundi."

"Mimi nakaza bolti tangu mama yako hajaota meno!"

Mafundi waliokuwa chini wakaangua kicheko. "Mzee, leo umeshikwa!" mmoja akapaza sauti.

Lugendo akachomoa kadi mfukoni, akaipunga hewani. "Niombe radhi, nisaini sasa hivi, yaishe."

Sikudhani akaikaza nati mpaka ikagoma, akaitia chaki yake ya bluu. Kisha akahamia bolti ya pili, akaiwekea spana. Nayo ikaanza kuzunguka.

"Shikamoo nitakupa kila asubuhi, Fundi," alisema bila kuinua macho. "Radhi siombi."