Utepe Mwekundu

Mashine mpya ya kupima damu ilikuwa imefungwa utepe mwekundu, ikimngoja mgeni rasmi aliyekwisha kuahirisha safari tena na tena. Zamoyoni, mpimaji wa maabara, alikuwa amechoka kupeleka damu za wagonjwa mji wa jirani kwa basi, kisha kuambiwa zimeharibikia njiani.

Asubuhi hiyo Mashavu alirudi na bintiye mgongoni, macho yamemlegea mtoto.

"Dada, kila siku mnamtoboa tu. Majibu yako wapi?"

Zamoyoni akamgeukia mganga mkuu, aliyekuwa mlangoni akipuliza puto la sherehe.

"Daktari, niiwashe?"

"Utepe haukatwi ovyo, Zamoyoni. Mgeni anakuja kesho."

"Kesho, kesho! Na huyu mtoto nimwambie aumwe kesho?"

Hasira zikampanda. Akanyakua mkasi wa bandeji, akaukata utepe. Puto likamponyoka mganga mkuu, likaruka likilia mpaka darini.

Mashine ikaanza kunguruma. Zamoyoni akampakata mtoto, akauzungusha ule utepe kwenye mkono wake mwembamba, akaukaza mpaka mshipa ukatokeza.