Mkulima Halisi

"Hizi punje nyekundu za mahindi wagawie wapiga kura," mgombea alisema, kitambaa puani kwa sababu ya vumbi. "Zimeharibika, lakini bure ni bure. Watazipanda na kunishukuru."

Tajiri huyu wa matairi alinunua shamba mwaka juzi tu, na siasa hakuwahi kuigusa. Hilo ndilo alilojivunia majukwaani: wanasiasa wote ni walaji, mimi ni mkulima halisi kama ninyi. Kwenye mabango alionekana kashika jembe. Lebo ya dukani ilikuwa ingali mpinini. Mpiga picha aliigeuzia nyuma.

Mama Stoo, mtunza ghala lake, alichota punje nyekundu kiganjani. "Hizi, bosi? Una hakika?"

"Kwani husikii? Na zile nyeupe safi zipandwe kwangu, ekari zote."

"Lakini bosi, zile nyeupe..."

"Ebo! Mkulima hapa nani, mimi au wewe?"

Mama Stoo akazirudisha punje guniani. Mgombea aliridhika. Watu wa chini ukiwakaripia mara moja, kazi zinakwenda.

Magunia yakagawiwa mkutanoni. Watu walipiga makofi, wakachungulia ndani ya magunia, wakatazamana, wakapiga makofi zaidi. Mgombea alipunga mkono huku akiwacheka moyoni. Mbumbumbu wakubwa! Zisipoota watailaumu mvua, na yeye ameshakalia kiti chake bungeni.

Wiki tatu baada ya mvua, zikiwa zimebaki siku nne kupiga kura, akawaita waandishi wa habari waje kuona shamba lake la mfano, ambalo yeye mwenyewe hakulikanyaga tangu lipandwe. Njia nzima mahindi ya wanakijiji yalikuwa yamesimama mistari kwa mistari, kijani kibichi. Bahati ya wajinga, aliwaza, akageuza uso dirishani.

Gari likasimama kwake. Ekari mia mbili za udongo mtupu, na kuku wawili watatu wakichakura. Kamera zikaanza kulia.

Mgombea aliruka garini. "Mama Stoo! Umenipandia nini?"

"Ulichoniagiza, bosi. Chakula cha kuku, kilichobaki tangu misimu mitatu iliyopita." Mama Stoo aliisogelea maikrofoni bila haraka. "Mbegu hupakwa dawa ya wadudu, ndiyo maana huwa nyekundu. Kila mkulima analijua hilo."