Meseji Ajibu kwa Mdomo

Darasani walimwita Meseji, kwa sababu kigugumizi kilimfunga ulimi na kila swali alilijibu kwa kuandika kwenye tableti, jibu likatokea ukutani mbele ya wenzake. Mwalimu wa sayansi ndiye aliyemfungulia njia hiyo, na binti akawa moto wa kuotea mbali.

Asubuhi hiyo mwalimu aliuliza kwa nini mwezi hupatwa. Meseji aliisukuma tableti kando, akasimama.

"Andika tu, bibie," jirani yake alimnong'oneza.

"M-m-mwezi..."

Midomo ilimbana. Mshipa wa shingo ukamtutumka. Neno lililofuata lilikuwa limemfika mwalimu kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Alimtazama tu machoni, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"...hu-huingia kwenye ki-kivuli cha dunia."

Darasa zima lilipiga makofi. Mwalimu akasema, "Vizuri sana, mwanangu. Kaa."

Meseji hakukaa.

"Samahani, mwalimu. Si-sijamaliza."

Mwalimu akavuta kiti, akakaa yeye.