Vyuma vya Gitaa la Chui

"Na hii, ukiigusa, alama ya kidole inabaki?"

Fundi wa magitaa alibonyeza kidole gumba kwenye kipande cha ubao chenye vanishi nyeusi, inayong'aa kama kioo. Alama ikabaki.

"Nipakie hiyo," mteja wake, mama mmoja, akasema.

"Mama, hiyo itakusumbua. Chukua hii isiyong'aa. Gitaa litashikika."

Chui alikuwa ameshachorwa kwenye tumbo la gitaa, anaruka kutoka motoni, doa moja moja. Kilichobaki ni vanishi na vyuma vya kuendana naye. Kazi ya nusu saa, lakini mama huyu alishakaa saa mbili na chai ya fundi alikuwa ameimaliza.

"Mume wangu anastaafu mwezi ujao," alisema. "Atashinda nyumbani, yeye na gitaa. Nikikosea hapa, fundi, sina ndoa."

"La zamani liko wapi?"

"Liliangukiwa na kabati."

"Kabati likaanguka lenyewe?"

"Makabati ya siku hizi."

Fundi akaingiwa na huruma. Wake wa namna hii waliadimika. Wa kwake hajawahi kumnunulia hata soksi.

Akamwaga mezani vifungo vya kukazia nyuzi, vyeusi na vya dhahabu.

"Vyeusi havina maneno. Hivi vya dhahabu ni vya kutazama tu. Vikipata jasho wiki mbili, vinachujuka."

"Vya dhahabu."

"Umenisikia lakini?"

"Masikio ninayo. Na vitufe vya sauti, dhahabu. Na hapo mkono unapoegemea, nitilie lulu."

"Lulu inakwaruzika."

"Upesi?"

"Upesi sana."

"Basi tia nyingi."

Fundi akaweka kalamu chini. Miaka thelathini hajamficha mteja ukweli, na hakutaka kuanzia kwa mama mwema kama huyu.

"Nisikilize, mama. Ukilipamba hivi, mzee wako hatapiga hata wimbo mmoja. Ataogopa kuliharibu. Atalitundika ukutani, alitazame mpaka afe."

Machozi yakamlengalenga mama. Akainuka, akafungua mlango. Nje walikuwa wamesimama majirani zake wa nyumbani: wa kulia, wa kushoto na yule wa ghorofa ya juu.

"Ingieni," akawaambia. "Fundi, hebu rudia hayo maneno na wao wasikie."