Shavu Moja Jekundu

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Ukungu ulikuwa umeifunika Nyeri tangu alfajiri, na manyunyu yalikuwa hayajakatika.

Nduta, ambaye kazi yake ni kuchekesha watoto kwenye sherehe, alikuwa amepaka shavu moja rangi nyekundu simu ilipolia.

"Tumeahirisha bathdei, mpenzi," mteja alisema. "Si unaelewa? Sisi ni wa kanisa moja."

Ilikuwa mara ya tatu tangu Pasaka wateja kumwahirishia kazi. Kwa ajili ya sherehe hii alikuwa amekataa kazi ya Nanyuki.

Aliomba kimya, akajitazama kiooni, na hakunawa. Alivaa koti akaenda hivyo hivyo kwenye maombi ya kina mama.

"Ngai! Umesahau shavu lile lingine?" mwenyekiti aliuliza, na nyumba nzima ikacheka.

"Halijalipiwa," Nduta alijibu.

Mwenyekiti alijipangusa machozi ya kicheko. "Haya basi, Desemba utatuchekeshea watoto wa shule ya Jumapili. Tuseme amina?"

Hivyo ndivyo kazi zake zote zilivyokubaliwa, kwa amina tu, bila malipo ya kutanguliza. Wote walimngoja. Rangi ilikuwa imekauka na kumvuta ngozi.

Alisimama.

"Amina nitasema nikipokea nusu ya malipo. Mkiahirisha ndani ya wiki ya sherehe, siirudishi. Nami nikikosa kufika, nitawarudishia mara mbili. Naahidi mbele za Mungu, na ninyi kina mama ni mashahidi."