Malalamiko ya Fundi Mosi

“Mara hii kimevunjika nini?” Andrea aliuliza, akichovya kalamu katika wino.

Fundi Mosi alifungua kitabu cha kiwanda, kile chenye picha ya mashine ya kupasulia mbao na kila kifaa kimepewa nambari yake, akapitisha kidole ukurasani. Kidole kikasimama.

“Gurudumu kubwa,” alisema. “Andika limepasuka vipande viwili.”

Andrea alikuwa karani wa stesheni ya Morogoro, na Kijerumani alikisoma shule ya serikali. Hii ilikuwa barua ya tano aliyomwandikia Mosi kwenda kiwandani. Mkanda, ekseli, msumeno wa duara, miguu ya chuma: vyote viliharibika kwa zamu, na kiwanda huko Ulaya kilileta vingine bila kunung’unika. Kitabu chenyewe kiliahidi hivyo. Kitakachoharibika ndani ya miaka mitano kitaletwa bure, na gharama ya meli ni juu ya kiwanda.

“Limepasukaje?”

“Kwa baridi. Waambie mvua za Uluguru si za mchezo.”

“Chuma hupasuka kwa baridi, fundi?”

“Wao wamewahi kufika huku?”

Andrea akaandika.

Mjini kila mtu alikuwa na habari za mashine hiyo. Mosi alifanya kazi miaka mitatu kwa mzungu mmoja wa Kiroka. Pamba ilipomshinda, mzungu alifungasha vyake akarudi kwao, na Mosi akateremka mjini akisukuma mkokoteni uliofunikwa turubai. Waliomwona akipita walikubaliana kwamba ameachiwa mashine. Mosi hakubisha. Aliyeomba kuiona aliambiwa inaumwa, arudi itakapopona.

Wakati huo wote mbao zilipasuliwa shimoni, kama zamani. Mosi alisimama juu ya gogo, mdogo wake Maneno akasimama chini, wakivutana msumeno mrefu tangu asubuhi. Unga wa mbao ulimwingia Maneno machoni. Mwaka ule macho yake yalianza kuvimba na kutoa maji hata siku za mapumziko, na mkewe, Asia, alikuwa akimshika mkono wakivuka mto.

“Kaka,” Maneno alisema siku moja, akiyaosha kwa maji ya moto, “hiyo mashine itapona lini?”

“Imebaki kidogo,” Mosi alimjibu. Jioni ile alikwenda tena kwa Andrea. Meza ya chuma ilikuwa imepata ufa.

Baada ya meza iliharibika mikono ya gurudumu, kisha skrubu zote kwa pamoja. Barua ya tisa ililalamika kwamba hata kile kibati chenye jina la kiwanda kimeliwa na kutu. Kiwanda kikaleta kibati.

Barua ya kumi haikutoka kwa Mosi. Ilitoka kiwandani, na Andrea aliisoma mara mbili kabla ya kuufunga mlango wa ofisi na kukimbia hadi kwa fundi.

“Wanamtuma mtu wao,” alisema akihema. “Bwana Lenz. Yuko Dar es Salaam tayari, atafika kwa treni Jumatano. Wanasema hawajapata kuona mashine ya namna hii, wanataka kuikagua kwa macho yao.”

“Na akaribie,” alisema Mosi.

“Fundi, wakituona waongo tutapelekwa bomani. Viboko ishirini na tano kila mmoja. Mimi ndiye niliyeandika habari za baridi.”

“Basi ukifika wakati wa kutafsiri, tafsiri vizuri.”

Jumatano Bwana Lenz alishuka, mtu mnene mwenye miwani, jasho likimtiririka shingoni. Alikuta mashine imesimama uani kwa Mosi, ikimeta mafuta. Maneno alizungusha gurudumu. Msumeno ukaingia kwenye gogo la mvule ukatokea upande wa pili, ubao ukaanguka chini laini na mnyoofu. Watu waliojaa nje ya uzio wakaguna kwa kuridhika.

Bwana Lenz alipiga magoti. Akafuta kila kifaa kwa leso yake, akasoma alama zilizogongwa kwenye chuma, akalinganisha na daftari. Alichukua muda mrefu. Andrea alihisi mgongo wake umeanza kuwasha.

“Hakuna hapa hata kifaa kimoja cha zamani,” mzungu alisema hatimaye.

“Ndiyo, bwana,” alijibu Mosi. “Kimoja kimoja, mpaka vikaisha.”

“Na vyuma vibovu viko wapi?”

Andrea alitafsiri. Mosi alitazama milimani kana kwamba anawatafuta waliovichukua.

“Huku kwetu, bwana, mhunzi hukiona chuma kibovu kama wewe unavyoona nyama.”

Bwana Lenz alisimama, akavua miwani. Uso ulikuwa umemwiva. Kwa miaka thelathini, alisema, hajapata kusikia kiwanda chake kimetoa mashine mbovu kama ile, na yeye binafsi anaona haya. Akampa Mosi mkono mbele ya watu wote. Akamwomba asiwasimulie mafundi wengine, na akamwachia msumeno wa akiba kwa kumtuliza. Treni ya alasiri ikamchukua.

Andrea alirudi uani. Maneno alikuwa amekaa juu ya mbao, macho makavu, akicheka peke yake.

“Fundi,” Andrea alisema, “mimi si mhunzi, lakini hata chuma kibovu kina kazi. Niuzie ile mashine ya kwanza.”

Mosi aliendelea kuitia mafuta ekseli.

“Mzungu aliniachia kitabu tu,” alisema. “Ya kwanza ndiyo hii.”