Mlango wa Handaki

Mvua iliwafungia ndani wawili tu, Somoe na baba yake, aliyeikimbia nyumba mama alipougua na kurudi juzi, mama akiwa kaburini. Somoe alikuwa akicheza gemu. Kwenye skrini, Daru, mtu aliyewatoroka wenzake jangwani akiwa na maji yao yote, aligonga mlango wa handaki akiomba kuingia.

"Mfungulie, mwanangu," baba alisema.

"Aliwaacha wafe kwa kiu."

"Aliogopa. Woga si roho mbaya."

"Walimwita, baba. Akasikia."

Baba akainamisha kichwa. Somoe alitaka kufungua, na alijichukia kwa kutaka. Kidole gumba kikatua juu ya kitufe cha kufungulia, kikakaa hapo, huku Daru akigonga, kila mara kwa unyonge zaidi.